Diski Tatu Chini ya Kitambaa cha Mama Rasoa

Ninyi mnaofungua mashine za watu siku hizi na bisibisi ya umeme mkononi, huku mtu msiyemjua akiwaelekeza kwenye video ya simu, ketini kidogo. Sitawachelewesha. Duka langu la Kitale nimeshalifunga, vifaa nimevigawa, na asubuhi zangu sasa ni za kuku wa mayai hapa Matisi. Nilijistaafisha mwenyewe kabla mgongo haujanistaafisha. Lakini kuna kazi moja niliyoianza Bungoma miaka ile ya elfu mbili na kitu, shahada yangu ikiwa bado inanukia wino, ambayo mpaka leo sijaimaliza. Naifanya mara moja kila mwaka. Nitawaeleza kwa nini.

Kwanza mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa mbishi. Chuo kikuu kilinifundisha kuuliza "kwa nini", na mimi nikakichukulia neno kwa neno. Mchungaji akiniona nikiingia kanisani alikunja uso. Mama yangu alikuwa akiniambia, "Nekesa, hata uji unauuliza maswali kabla ya kuunywa?" Nilipokosa kazi Nairobi nikarudi Kitale na kuomba nafasi kwenye duka la Mzee Shabani, fundi wa redio aliyekuwa amefungua kona ya kompyuta kwa sababu redio zilikuwa zimeacha kuharibika, au watu walikuwa wameacha kuzitengeneza. Duka lilikuwa karibu na msikiti, na yeye alikuwa akilifunga mara tano kwa siku bila kumwomba mteja radhi.

Mzee Shabani hakujua hata programu moja ninayoijua mimi. Alichokuwa nacho ni daftari. Daftari la shule, la mistari, lenye jedwali la hesabu nyuma. Hakufungua kitu chochote kabla ya kuchora kilivyo: waya upi unaenda wapi, rangi gani, skrubu ngapi na kila moja imetoka tundu lipi.

"Injinia, umeandika?" ndiyo ilikuwa salamu yake kwangu.

"Mzee, si naona kwa macho?"

"Macho yako yana umri gani kwenye kazi hii?"

"Miezi mitano."

"Basi bado yananyonya. Andika."

Nilimwuliza kwa nini, bila shaka. Akanieleza kwamba akiwa kijana alifungua kipaza sauti cha msikiti, wiki moja kabla ya Ramadhani. Ndani kulikuwa na nyaya mbili nyekundu. Hakuandika. Alipozirudisha alizibadilisha, na mashine ikatoa moshi. Mwezi mzima mwadhini aliadhini kwa koo tupu juu ya paa, na kila akishuka anamtazama Shabani. "Hakunitukana hata siku moja," akasema. "Angenitukana ningesahau."

Nilicheka. Sikuandika.

Mteja wetu mmoja alikuwa Mwalimu Wafula, mkuu wa shule mstaafu, nyumba yake nje kidogo ya mji wa Bungoma. Mwanawe aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo alipokuja likizo alimtengenezea seva ya nyumbani. Neno hilo lisiwatishe. Ni kompyuta isiyo na kazi nyingine ila kutunza mafaili ya familia, kama kabati. Ndani yake kulikuwa na diski tatu zilizopangwa zibebane: moja ikifa, mbili zilizobaki zinaweza kukokotoa kilichokuwa kwenye ile iliyokufa, na ukitia mpya mahali pake inajengwa upya. Zikifa mbili kwa pamoja, basi. Hakuna cha kukokotoa.

Kwenye kabati hilo Mwalimu aliweka sauti ya mkewe.

Mama Rasoa hakupenda kuandika barua. Mwanawe alipoenda ng'ambo, alimtumia kaseti. Alikaa na tepurekoda jikoni akaongea: mahindi yamefikia wapi, nani ameolewa, baba yako amekataa kula mboga ya mrenda tena. Mtoto alizitunza zote, akazirudisha nyumbani, na Mama alipofariki Mwalimu akajifunza mwenyewe kuziingiza kwenye kompyuta. Ilimchukua miezi. Kaseti thelathini na kitu, kila moja lazima icheze mwanzo hadi mwisho. Nadhani ndivyo alivyoomboleza, kwa sababu hakuna aliyemwona akilia. Alikuwa mwalimu wa zamani yule ambaye hata tabasamu lake lina kiboko.

Alipomaliza alifanya jambo ambalo hadi leo likinijia nashika kichwa. Vijana wa kwaya walikuwa hawana kaseti za kurekodia mazoezi. Akawapa zile. Zote. Wakaimba juu yake.

Siku nilipomwuliza kwa nini, alinitazama kama mwanafunzi mjinga. "Si mtoto aliniambia ziko diski tatu? Nikahesabu nakala tatu."

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipo, na wengi wenu mnalifanya leo. Diski tatu zinazobebana si nakala tatu. Ni nakala moja yenye miguu mitatu. Ukifuta faili, limefutika kwa miguu yote. Nyumba ikiungua, miguu yote inaungua. Nakala ni kitu kingine, mahali pengine, kisichojua kwamba cha kwanza kipo.

Sasa, mwaka mmoja baada ya mazishi, familia ilipanga ibada ya kumbukumbu, Jumamosi. Mwalimu alitaka watu wasikie sauti ya Mama Rasoa mwenyewe akisimulia jinsi walivyooana. Jumanne akapiga simu dukani.

"Nekesa, hili sanduku limekuwa zito. Naliambia lifungue, linafikiri."

"Linatoa mlio, Mwalimu?"

Nikamsikia akimwuliza dada yake, Shangazi Nabwile, aliyekuwa akikaa pale kumsaidia nyumba. Shangazi akajibu kwa mbali, "Si lilikuwa linalia! Linalia pi, pi, pi kama kifaranga kimepoteza mama. Watu wa maombi wakija wanasumbuka. Nikalifunika, likanyamaza."

"Lini, Shangazi?" niliuliza.

"Ee, wiki ya tatu hii."

Mlio ule ulikuwa diski moja ikisema imekufa. Na Shangazi alikuwa ameufunika, kwa nia njema kabisa, kwa kitambaa cha kroshia alichofuma Mama Rasoa. Mnajua sebule zetu. Kiti kina kitambaa, meza ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, redio ina chake. Mama Rasoa alikuwa amefumia kila kitu nyumbani mle isipokuwa seva, kwa kuwa ilifika wakati mikono yake imeshachoka. Shangazi akaona aibu sanduku kubaki uchi. Akachukua kile kikubwa cha meza ya kulia, akakikunja mara nne, akalifunika kila upande, hadi kwenye feni. Diski mbili zilizobaki, zilizokuwa zikifanya kazi ya zote tatu, zikawa zinapumulia pamba wiki tatu.

Mwana alikuwa ameniagiza wiki moja kabla niweke diski kubwa zaidi zote tatu, kwani kabati lilikuwa limeanza kujaa. Jumatano nikafunga vitu vyangu. Mzee Shabani akanitazama nikipanga diski mpya.

"Ngapi?"

"Tatu. Ndani mna tatu."

"Chukua ya nne."

"Ya nne ya nini?"

"Ya kutoa mtoto. Nyumba ikianza kushika moto, wewe unapanda kumwagia paa maji, au unamtoa mtoto kwanza?"

"Mzee, mfumo huu umebuniwa kwa ajili ya jambo hili hili. Unatoa iliyokufa, unatia mpya, inajijenga. Ni hesabu."

"Aliyebuni atakuwepo Bungoma kesho?"

"Hapana."

"Haya. Nenda na hesabu zako." Akanipa daftari jipya. Nikaliweka chini kabisa ya mkoba.

Jambo moja nililofanya vizuri nilitaje, msije mkadhani nilikuwa bure kabisa. Diski zile hazikutoka katoni moja. Nilinunua za aina mbili, kutoka maduka mawili, kwa maana zilizozaliwa pamoja hupenda kufa pamoja. Nilikuwa nimezichemsha dukani siku mbili mfululizo, zikiandikwa na kusomwa, kwa sababu diski mbovu mara nyingi huonyesha ubovu mapema. Na nilisafiri nazo mapajani, zimefungwa kwenye sweta, si kwenye buti la gari kati ya magunia.

Alhamisi asubuhi nikafika. Shangazi Nabwile akanipokea na chai kabla sijaweka mkoba.

"Kwanza kunywa. Umekonda! Hii shule mlisomea nini, kufunga?"

Nikaondoa kitambaa. Kilikuwa na joto kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Sanduku likaanza tena, pi, pi, pi. Shangazi akaniambia, "Unaona? Umeliamsha."

Kioo kilionyesha diski iliyokufa ni namba mbili. Sasa mimi nilikuwa msomi. Mtu asiyejua angetoa ya pili kutoka juu. Mimi nilijua kompyuta huanza kuhesabu kwenye sifuri, kwa hiyo namba mbili ni ya tatu, ya chini kabisa. Nilijisikia vizuri sana kwa kujua hilo. Nikazima mashine, nikachomoa waya ukutani, nikagusa chuma cha sanduku kuondoa umeme wa mwilini, nikafungua, nikatoa ya chini, nikatia mpya. Dakika kumi. Sikuandika hata herufi.

Nikawasha.

Mashine ikaamka, ikatafuta, ikaandika kwamba inahitaji angalau diski mbili nzima na imeona moja. Seti haipo. Kisha ikaniuliza kwa adabu kama ningependa kuunda seti mpya. Ndiyo au hapana.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu na miwani yake kwenye paji la uso. "Imefunguka?"

"Inatafuta, Mwalimu."

Nilidanganya. Nilikuwa sijui kilichotokea. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha "ndiyo", na nataka mnielewe vizuri: nilikaribia kukibonyeza. Si kwa ujinga. Kwa aibu. Ukiwa na aibu, kitu chochote kinachofanana na kusonga mbele kinapendeza. "Unda seti mpya" ilisikika kama suluhisho. Ingeandika juu ya zile za zamani mpangilio mtupu, na Mama Rasoa angekwisha pale, mbele ya mumewe, Shangazi akiuliza kama naongeza sukari.

Nikatoka nje nikampigia Mzee Shabani.

"Umeandika?" ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

Nikamweleza diski niliyoitoa na swali lililoko kwenye kioo.

"Basi sikiliza, mwanangu." Hakuwahi kuniita mwanangu. "Zima. Usijibu swali lake lolote. Rudisha ulichotoa pale pale ulipokitoa. Halafu weka mikono mapajani unywe chai. Fundi mwenye hofu mikono yake ni ya adui."

Nikarudi. Na hapa kosa langu la pili, ninaloliungama mbele yenu: badala ya kuizima taratibu, nilichomoa waya ukutani. Nilitaka lile swali liondoke kwenye kioo.

Nikarudisha diski. Nikanywa chai. Kisha nikatoa daftari kutoka chini ya mkoba, nikafuata kila kebo kwa kidole, nikiandika. Ndipo nikaona. Mwana wa Mwalimu, alipofunga sanduku lile, kebo fupi haikufika chini. Akazipisha. Kebo ya tatu ilikwenda diski ya katikati, na ya pili ilikwenda ya chini. Iliyokufa ni ya katikati. Mimi nilikuwa nimeng'oa mguu mzima na kuacha uliovunjika.

Kila diski ina namba ndefu ya kiwandani kwenye kibandiko chake, na mashine ikiwa hai inaweza kukutajia namba hiyo ya iliyokufa. Unaiandika. Unazima. Unafungua na kusoma vibandiko hadi uikute. Huhitaji kujua sifuri wala moja, juu wala chini. Nilikuwa naulizia kila kitu duniani, dini, serikali, uji wa mama yangu, na sikuwahi kuulizia mkono wangu mwenyewe.

Nikaenda kwa Mwalimu sebuleni.

"Mwalimu, nilikudanganya. Haikuwa inatafuta. Nilitoa diski isiyo yenyewe. Nimeirudisha, sijui kama itakubali."

Akavua miwani. Nikajiona nimesimama ofisini kwake na sare ya shule.

"Mimi nilizitoa kaseti," akasema hatimaye. "Mkono wangu huu. Niliwaambia wale watoto wachukue zote, hata sikubakisha moja. Keti. Tulitazame wote wawili."

Tulikaa bega kwa bega. Nikawasha. Ikagoma tena, ikisema diski ile iliyorudi haiiamini, kwani ilikuwa imetoka. Kuna amri ya kuilazimisha iikubali, na ni amri unayoitoa mara moja tu, ukiwa umeandika na kusoma ulichoandika mara tatu. Nilimsomea Mwalimu, naye akanisahihishia namba moja niliyogeuza. Nikabonyeza.

Ikafunguka. Folda zake zote zikajipanga, na ya kwanza ikiitwa kwa jina lake, Rasoa.

Mwalimu akanyoosha mkono kugusa kipanya. Nikamzuia. "Bado. Tunamtoa mtoto kwanza."

Nilichukua diski moja mpya, nikaiunganisha peke yake kwa waya wa nje, si sehemu ya ile seti, na nikaanza kunakili sauti za Mama Rasoa kabla ya kurekebisha kitu kingine chochote. Hii iwe sheria kwenu. Kujijenga upya ndiyo kazi nzito kuliko zote ambazo diski za zamani huzifanya maishani mwao: zinasomwa kila pembe, bila kupumzika, zikiwa tayari zimechoka. Nyingi hufia hapo. Kwa hiyo unanakili kwanza, ndipo unajenga. Na sanduku nililichomeka kwenye betri ya akiba niliyokuja nayo, kwa kuwa stima ya Bungoma ya miaka ile ilikuwa na mambo yake.

Faili moja lilikataa. Bila shaka lilikuwa lile. Kaseti ya harusi.

Diski mojawapo kati ya zile mbili ilikuwa na madoa, sehemu zisizosomeka tena. Nilitumia programu inayoruka doa na kuendelea. Ilipomaliza tukasikiliza wote, Mwalimu, Shangazi na mimi. Sauti ya Mama Rasoa ilikuwa nene kidogo, ya mtu anayeongea huku akichambua maharagwe. Unayasikia yakianguka sufuriani. Kisha sekunde kumi na moja za kimya. Kisha yeye tena.

"Ndiyo hiyo tu iliyopotea?" Mwalimu akauliza.

"Nyingine zote ni nzima. Nitazihakiki moja moja."

Nilizihakiki, Alhamisi yote na Ijumaa. Msiridhike na kompyuta ikisema imemaliza kunakili. Fungua. Sikiliza mwanzo, katikati, mwisho. Nilipomaliza nilikuwa najua bei ya ng'ombe wa miaka ile, na jinsi Mwalimu alivyochukia mrenda.

Ijumaa mwana akatuma ujumbe kutoka ng'ambo: nikate kile kimya, niunganishe pande mbili, watu hawatajua. Nikamwonyesha Mwalimu. Akasema, "Liache. Mama yake hakuwa mtu wa kukatwa maneno."

Jumamosi watu walijaa uani. Vijana wa kwaya walileta spika zao, na sijui kama walijua walichokuwa wameimba juu yake. Nikaweka faili. Mama Rasoa akaanza kuongea, sauti yake ikienea juu ya nyasi za ua wake mwenyewe.

"...ati unauliza baba yako alikuja kwetu namna gani? Kwetu ni Ndalu, unajua barabara ya Ndalu mvua ikinyesha. Huyu bwana amekuja na baiskeli ya kuazima. Suruali nyeupe! Baba yangu amesimama mlangoni, sisi wasichana tunachungulia. Amefika kwa lango, anapiga kengele kring kring kama mkubwa wa polisi, halafu..."

Kimya.

Sekunde kumi na moja ni nyingi mno kwenye spika. Nilihesabu. Kwenye ya tatu watu walianza kugeuka kunitazama. Kwenye ya nne nilisikia kiti kikisogezwa mbele. Mwalimu Wafula alikuwa amesimama, koti limefungwa vifungo vyote, fimbo mkononi.

"Akaanguka," akasema kwa sauti ya gwaride la shule. "Kwenye samadi ya ng'ombe wa baba yake. Mpaka masikioni."

Na Mama Rasoa akarudi kwenye spika, akicheka: "...halafu akacheka! Si sisi, yeye! Amekaa pale chini anacheka peke yake. Nikasema moyoni, mwanaume anayeweza kujicheka mbele ya mzee wangu, huyu nitamfuata."

Sijawahi kusikia ua wowote ukicheka vile. Wanafunzi wake wa zamani, watu wazima wenye mvi, walishikana mabega. Wengine walikuwa wakifuta macho. Yeye alibaki amesimama mpaka sauti ikaisha, na kwa mara ya kwanza niliona meno yake.

Baada ya chakula akaniita kando ya ghala la mahindi.

"Nekesa, ule mwanya. Ni joto la kitambaa, au ni mkono wako?"

Nilitaka sana kusema ni joto. Ingewezekana. Ingewezekana pia ni ule waya nilioung'oa ukutani.

"Sijui, Mwalimu. Na sitajua."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayesahihisha mtihani na kukuta jibu asilolitarajia. "Andika hivyo hivyo."

Nikaandika. Daftari ninalo bado. Ukurasa wa kwanza una michoro ya kebo, namba tatu ndefu, na chini yake: Sekunde kumi na moja hazipo. Pengine ni mimi.

Wiki iliyofuata nilirudi na diski nyingine, na Mzee Shabani hakusema lolote nilipochukua moja zaidi. Nikabadilisha moja baada ya moja. Unatoa moja, unatia kubwa, unasubiri ijengwe mpaka mwisho, unahakiki, ndipo unagusa ya pili. Zote tatu zikiisha, ndipo unaiambia seti ipanuke. Ilichukua siku tatu, ambazo Shangazi Nabwile alizitumia kuninenepesha. Kuhusu kitambaa tulizozana kidogo.

"Sanduku likae uchi?"

"Shangazi, linahitaji kupumua."

"Rasoa atasema tumemsahau."

Mwisho akakitandika chini yake, kikaning'inia mezani kwa mbele, feni wazi. Kilipendeza zaidi hivyo, hata yeye alikubali, ingawa alidai lilikuwa wazo lake.

Nakala moja ilibaki kwa Mwalimu kabatini. Nyingine nilikwenda nayo Kitale, kwenye droo ya Mzee Shabani, mbali na moto wa Bungoma na mwizi wa Bungoma. Kila mwaka karibu na siku ya ile ibada tuliitoa, tukaiwasha, tukasikiliza. Mzee alikuwa akifunga duka kwa ajili hiyo, kama kwa sala. Diski huzeeka hata ukiiweka tu. Plagi hubadilika. Ile ya kwanza haingii tena kwenye mashine yoyote mliyo nayo. Nimeihamisha sauti ile mara nne, na nikiwa hai nitaihamisha tena. Kutunza ndiko huko.

Mzee Shabani alitangulia. Mwalimu akamfuata. Mwana ana nakala yake ng'ambo. Aliniambia anaogopa kuisikiliza. Kwa hiyo kazi ya kuhakiki ni yangu. Wiki iliyopita nilikaa hapa Matisi, kuku wakipiga kelele nje, daftari limefunguka mezani, nikasikiliza maharagwe yakianguka sufuriani. Ndalu. Baiskeli ya kuazima. Suruali nyeupe. Kengele, kring kring, halafu...

Hapo mimi husimama wima. Sijui kwa nini husimama, ningeweza kuketi.

"Akaanguka," naliambia chumba. "Kwenye samadi ya ng'ombe wa baba yako, Mama. Mpaka masikioni."

Na Mama Rasoa anarudi, anacheka.